Jiwe Lenye Vivuli Viwili

Johana arap Sitonik aliishi kwa sheria mbili, na zote mbili alizipata kwa mtu asiye wa ukoo wake. Ya kwanza ilisema: jua likae mgongoni mwako. Ya pili: kivuli chako kisiingie kwenye picha. Kwa sheria hizo alioa, akajenga nyumba ya mabati, akamsomesha binti yake Sellah, na kwa miaka ishirini hakuna mtu wa Chebunyo aliyemrudishia picha akilalamika kwamba uso wake umetoka mweusi kama sufuria.

Mwenye sheria alikuwa Wachira, fundi wa picha kutoka Ol Kalou. Katika miaka ya sabini Wachira alipanda na pikipiki yake hadi Boito kila Jumapili, akawapiga picha wachumaji wa chai wakitoka kanisani. Johana alikuwa kijana wa huko, mgongo umezoea kikapu, vidole vimeingia weusi wa majani mabichi ambao hautoki kwa sabuni. Siku moja Wachira alimwomba amshikie kitambaa cheupe nyuma ya bibi harusi. Upepo ukavuma, kofia za wazee zikabingirika, bibi harusi akalishika shela kwa mikono miwili, lakini kitambaa hakikutikisika.

"Mkono wako hautetemeki," Wachira akamwambia. "Unafanya nini kwa chai?"

Wakashuka pamoja mpaka Chebunyo, nchi ya joto na mbuzi, ambako hapakuwa na mpiga picha hata mmoja. Wachira akakodi chumba sokoni, akapaka ukuta rangi ya samawati, akachora maporomoko ya maji ambayo si yeye wala Johana aliyewahi kuyaona. Humo ndani Johana alijifunza kupima mwangaza kwa kiganja, kukadiria umbali kwa jicho, na kumfanya mzee aliyenuna atabasamu bila kujua.

"Sema picha," Wachira alikuwa akimtania.

"Bicha."

"Hiyo bicha yako haitakauka, ni mbichi."

"Wewe nawe tusalimie, sema chamgei kama mtu."

"Shamgei," Wachira alisema, na wateja ndio waliocheka zaidi.

Lakini kazi yao kubwa ya mwaka haikuwa ya ukutani. Siku ya pili ya Krismasi, watu walivaa tena nguo zao mpya wakatembea saa mbili na nusu kuteremkia Koitabtarit, yaani jiwe la ndege. Huko kulikuwa nyika ya mawe. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na barabara, hapakuwa na maji. Yalikuwapo mawe makubwa kama makanisa, yamekaa katika duara pana, na katikati uwanja wa nyasi fupi ambazo pimbi walizila mpaka zikawa kama zimenyolewa. Jiwe kuu lilisimama upande wa kaskazini, utosi wake mweupe kwa kinyesi cha tai. Siku isiyo na ukungu, nyuma ya bega lake uliona mbali kabisa mstari mwembamba wa kijani. Hiyo ndiyo chai ya Boito. Ukigeuka kusini, nchi ilishuka tu, ikawa ya manjano, kisha ya kijivu, kisha hukujua tena kama unatazama nchi au mbingu.

Asubuhi watu walipanga foleni upande wa magharibi wa uwanja, jua likiwaangaza usoni. Saa sita kazi ilisimama. Watu wakala, watoto wakalala kwenye nyufa zenye baridi. Saa tisa foleni yote iliinuka ikahamia upande wa mashariki, na Wachira na Johana wakahamisha migongo yao. Wazee walisema hakuna siku nyingine katika mwaka ambapo watu wengi hivyo hulifuata jua pamoja bila kuliomba kitu.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili. Mambo ya mwaka huo, ya nyumba za watu wa makabila mengine kuchomwa moto, yanajulikana, na wanaoyajua zaidi ndio wasiopenda kuyasema. Alfajiri moja Wachira alisimama mlangoni kwa Johana pamoja na mkewe Wacuka na binti yao Ann, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Walikuwa na mafurushi matatu. Wachira alimpa Johana ufunguo wa studio.

"Weka. Nitarudi Krismasi."

Kwa watu wa Johana, mgeni husindikizwa. Hata aliyekuja kuomba chumvi husindikizwa mpaka kwenye lango. Aliyekaa nawe miaka kumi na minane utamfikisha barabarani, umbebee mzigo, usimame mpaka apotee machoni. Johana aliushika ufunguo. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kwa jirani mlango ulikuwa wazi kiasi cha kidole kimoja. Hakupiga hata hatua. Aliiangalia migongo mitatu mpaka ilipokata kona kwenye kinu cha posho, na tangu asubuhi ile hatua ambazo hakuzipiga zilimtembelea yeye kichwani, kila siku afunguapo studio.

Krismasi ikaja, na nyingine, na nyingine. Wachira hakurudi.

Mwaka wa tisini na sita, mwezi wa saba, ikaja barua ya Ann. Alitaka kuonana naye Mulot.

"Mulot?" mkewe Chemutai akashangaa. "Huyu mtoto alikulia jikoni kwangu. Kwa nini asifike hapa anywe mursik?"

Johana aliikunja barua akaitia mfukoni. Chemutai alijaza maziwa hayo ya mgando kwenye chupa, akaifunga kwa gunzi la hindi.

Mulot ilikuwa siku ya mnada, barabara ya Narok imejaa ng'ombe na vumbi. Ann alikuwa amekaa ndani kabisa ya hoteli, uso umeelekea mlangoni, begi jeusi limekumbatiwa kama mtoto.

"Anko. Umezeeka."

"Na wewe umerefuka. Chamgei."

"Shamgei," Ann akasema, na Johana akainamisha macho, maana aliisikia sauti ya mtu mwingine.

Alimpa chupa. Ann aliifungua, akanusa, akaifunga tena polepole. "Mwambie Mama Sellah asante. Mwambie mwisho wangu ni hapa. Nilimwahidi mama."

Kisha akaeleza. Baba yake alipigwa na kiharusi mwezi wa tatu. Upande wa kulia umekufa, shingo haigeuki, na kitanda kimeelekea ukuta. "Anaangalia ukuta mmoja tangu Machi. Juzi nimemuuliza, baba, unataka nini? Akasema, nataka kugeuka. Tukamgeuza. Akakasirika. Akasema, si hapa. Nataka kugeuka Koitabtarit."

Johana alikishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili.

Ann akafungua begi, akatoa kompyuta ndogo ya kukunjwa. Alifanya kazi Nairobi, katika ofisi iliyotengeneza picha za hoteli za watalii, na picha hizo hazikuwa za kutundika. Kwenye kioo kulitokea chumba. Ann akasukuma kidude alichokiita panya, na chumba kikaanza kugeuka: kitanda, dirisha, meza, mlango, halafu kitanda tena. Akasukuma upande mwingine, chumba kikarudi kinyumenyume. Akainua, ikaonekana dari. Johana aliinama akatazama nyuma ya kompyuta. Mhudumu aliyeleta chai naye akatazama.

"Hii nyumba iko wapi?" mhudumu akauliza.

"Mombasa."

"Na huko Mombasa inazunguka hivyo, na watu wakiwa ndani?"

"Watu wamelipa," Ann akasema, "lazima wazungushwe." Wakacheka wote watatu, na kwa muda mfupi ikawa kama zamani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuelezwa. Alimpa stendi ya miguu mitatu, kichwa chake kimechorwa alama kumi na mbili kwa rangi nyeupe, na lenzi pana. Asimame katikati ya uwanja wa Koitabtarit. Apige, ageuze kamera mpaka alama inayofuata, apige tena, mpaka arudi alipoanzia. Kila picha iishike jirani yake kidogo pembeni, kama watu walioshikana mikono, na kompyuta itajua mahali pa kushona.

"Stendi isihame, Anko. Ikihama hata upana wa unywele, kazi imekufa."

"Haitahama."

"Watu wasiingie. Flashi hapana."

"Na mwangaza?"

"Mwangaza unaujua kuliko mimi," Ann akasema. "Wewe ni mwanafunzi wa baba."

Johana alitembea kwenda Koitabtarit siku ya Jumanne, kukiwa bado na umande. Alipofika aliona kitu kipya: kwenye mawe kadhaa mtu alikuwa amepaka misalaba midogo ya rangi nyekundu. Mzee mmoja aliyekuwa akilisha mbuzi alimwambia ni watu wa barabara, walikuja na gari wakapaka wakaondoka. Johana alitikisa kichwa. Serikali ilishapima mambo mengi katika nchi ile, na nchi ilibaki palepale.

Alitafuta katikati ya uwanja kwa hatua, akakita stendi, akaizungushia mawe kwenye kila mguu. Jua lilikuwa limepanda kiasi cha kichwa cha mtu juu ya mawe ya mashariki. Akaligeuzia mgongo. Akapiga alama sita, akianzia kwenye jiwe kuu la kaskazini, akapita magharibi yote, akaishia kusini. Kila mara aliinama kidogo ili kivuli chake kisiingie. Mawe yalisimama mbele yake yakiwa na nuru kamili, kila ufa unasomeka, kila pimbi anaonekana masharubu.

Zikabaki sita za mashariki. Kuzipiga wakati ule kungemaanisha kulitazama jua usoni. Mawe yangetoka meusi, mbingu ingetoka nyeupe, na Wachira angesema: hii ni bicha gani?

Johana alifanya kama walivyofanya kila mwaka. Alingoja.

Alivua koti akaifunika kamera. Akakaa chini karibu na stendi, asiiguse, macho yasiiache. Mbuzi wakaja, akawafukuza kwa vijiwe. Saa sita alikula viazi vitamu. Upepo ulipovuma mchana alikumbatia hewa kuizunguka miguu ile mitatu, kifua chake kikawa ukuta. Kwa saa saba hakwenda hata haja. Stendi haikuhama upana wa unywele. Saa kumi jua likawa magharibi, mgongoni mwake tena, na mawe ya mashariki yakawaka rangi ya asali. Akapiga sita zilizobaki, ya mwisho ikiishika ile ya kwanza kwenye jiwe kuu la kaskazini, akafunga duara.

Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema peke yake, na Chemutai alipomwona anaingia akamwuliza amekutana na nani.

"Nimemsindikiza mtu," Johana akasema.

Filamu ilikwenda Nairobi kwa basi la kwanza. Baada ya wiki tatu ikaja barua fupi: Anko, njoo Ol Kalou Jumatatu. Kuna kitu nataka uone kabla hajaona yeye.

Ol Kalou kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Wacuka alimpokea mlangoni. Alikuwa amekonda, leso imefungwa chini ya kidevu. Johana alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu Nakuru, ya kuhusu alfajiri ile, lakini Wacuka alimtangulia.

"Umekuja."

"Nimekuja, Mama Ann."

"Kaa. Chai iko." Akageukia jiko, na maneno ya Johana yakabaki nayo yamesimama mlangoni.

Ann alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni. Alisukuma panya, na Koitabtarit ikatokea, magharibi yake yote, mawe yakigeuka polepole mbele ya Johana kama watu wanaompisha. Kisha likaja jiwe kuu.

Lilikuwa jiwe moja lenye vivuli viwili. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa na baridi ya asubuhi, na kivuli chake kilikimbilia magharibi. Ubavu wa kulia ulikuwa wa asali, na kivuli chake kilikimbilia mashariki. Katikati palikuwa na mstari, wima kama kovu la kisu. Upande wa kusini palikuwa na mstari mwingine, na huko vivuli vya mawe vilipeana migongo kama watu waliogombana.

"Anko, ulipiga saa ngapi?"

"Asubuhi. Na jioni."

"Zote?"

"Nusu asubuhi, nusu jioni. Ili jua likae mgongoni."

Ann alifunga macho. "Wiki tatu nimejaribu kuufuta huo mstari. Nikifuta kivuli kimoja, jiwe linaelea. Nikifuta vyote viwili, linakuwa kama la karatasi. Ulitakiwa kupiga zote katika robo saa, Anko. Robo saa tu."

"Hukuniambia."

"Kila mtu anajua."

"Nani kila mtu? Mimi nimefundishwa na baba yako."

Ann alicheka bila furaha, akafuta uso kwa kiganja. "Naye ndiye ataangalia," akasema.

Wachira alikuwa amelazwa kwa ubavu, blanketi mpaka kidevuni. Mkono wa kushoto tu ndio uliokuwa hai. Macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayepima umbali. Johana alichuchumaa ili aingie ndani ya macho hayo.

"Fundi."

"Bicha," Wachira akasema. Neno lilitoka kwa taabu, kwa upande mmoja wa mdomo, na Johana akacheka ili asilie.

Ann aliweka kompyuta kwenye kiti, akamshikisha babaye panya. Wachira akasukuma. Koitabtarit ikageuka. Alifika kwenye mstari wa kwanza, akasita, akapita. Akafika wa pili, akapita. Alizunguka mzunguko mzima, kisha wa pili, upesi zaidi, kisha akarudi kinyume. Alikuwa anatafuta kitu. Akainua mpaka juu, ikaonekana mbingu mpaka pale lenzi ilipoishia. Akashusha. Akazunguka tena.

"Saa ngapi?" akauliza.

Ann akamtazama Johana.

"Sitonik. Jua liko wapi?"

"Liko mgongoni, Fundi. Kama ulivyosema."

Wachira akaigeuza picha mpaka mgongoni. Yalikuwa mawe. Akaigeuza tena, akatazama mgongoni mwa mgongo. Yalikuwa mawe mengine, nayo yana nuru tele, na nuru hiyo haikuwa na mahali ilipotoka.

"Haliko."

"Fundi, mimi nilidhani..."

"Miaka yote ile," Wachira akasema, na ilimchukua muda mrefu, neno moja moja, Wacuka akimpangusa mate katikati, "nimeligeuzia jua mgongo. Kwa sababu ya nyuso za watu. Sikuwahi kuliona likishuka pale. Nikasema, sasa sina mteja. Nitageuka."

Mkono wake ukaacha panya.

"Hapa uliponileta si huko. Huko jua lilikuwa linatuchoma." Akafunga macho. "Ann, toa hii."

Johana alibaki amechuchumaa mpaka magoti yalipokufa ganzi. Alimshika Wachira mkono wa kushoto. "Nitarudi nikuletee jua," akasema. "Wiki hii. Utaliona likishuka. Fundi, unanisikia?"

Wachira hakufungua macho, lakini vidole vilibana mara moja.

Ann alimsindikiza mpaka kituoni. Alimpa filamu mbili na kumwambia maneno machache: zote robo saa moja, na jua likiingia, acha liingie. Basi lilipoondoka Johana alimwona bado amesimama pale pale, mkono juu, mpaka alipopotea machoni.

Alhamisi mchana alikuwa njiani kuteremka Koitabtarit. Kabla hajafika alisikia injini. Halafu akaona barabara, nyekundu, mpya, imechanwa katikati ya miiba mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kijia cha mbuzi. Malori mawili yalimpita yamejaa kokoto.

Jiwe kuu halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mbingu, na chini rundo la vipande vyenye kingo kali, vingine bado vina weupe wa tai upande mmoja. Mawe mengine matatu ya magharibi yalikuwa chini pia. Kwenye yaliyosimama bado kulikuwa na misalaba yake myekundu. Mashine ya kusaga mawe ilikaa katikati ya uwanja, karibu kabisa na pale aliposimamisha stendi, ikitafuna na kutema.

Msimamizi alikuwa mtu mmoja aitwaye Okello, mpole, kofia ya plastiki kichwani, vumbi limempaka nyusi.

"Mzee, hapa ni hatari. Umepoteza ng'ombe?"

"Hili jiwe limeanguka lini?"

"Lile kubwa? Jumatatu, saa nane hivi. Lilikuwa gumu, lilitusumbua. Baruti mara tatu."

Jumatatu, saa nane. Alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, akimwangalia Wachira akilizungusha.

"Nataka kupiga picha," Johana akasema.

"Za gazeti?"

"Za mgonjwa."

Okello alimtazama, akatazama stendi, kisha akaenda kuzima mashine. Ukimya ukarudi uwanjani kama mtu aliyefukuzwa asiyejua kama anaruhusiwa kukaa. Jua lilikuwa linashuka. Johana akakita stendi. Akapiga ya kwanza, akageuza alama, akapiga. Rundo. Lori. Pengo. Lori. Alipofika alama ya nne kamera ilitazama magharibi yenyewe, na hapakuwa tena na mawe ya kulizuia jua. Lilikuwa pale, zima, jekundu, kwenye ukingo wa dunia. Hakuwahi maishani mwake kuelekeza lenzi huko. Kidole kilikataa. Alihesabu moja, mbili, kama anavyowahesabia wateja, akabonyeza. Akaendelea mpaka kumi na mbili. Hakutumia hata robo saa.

"Asante," akamwambia Okello.

"Mgonjwa apone," Okello akasema, akawasha mashine.

Jibu la Ann lilichukua majuma matatu, kwa sababu barua za Chebunyo zilipitia Bomet, na Bomet hazikuwa na haraka. Johana aliisoma amesimama mlangoni mwa studio.

"Anko, picha zimeungana zote. Hakuna mshono hata mmoja. Kivuli ni kimoja, na jua liko mahali pake. Kazi yako haina kasoro. Sikumwonyesha. Nilimwambia filamu iliingia mwanga, na kwamba utapiga nyingine. Aliuliza kila asubuhi kama umelipata jua. Jumapili hakuuliza. Tunamzika Ijumaa. Mama anasema usihangaike na safari, anajua umefanya ulichoweza."

Ijumaa hiyo ilikuwa imepita siku kumi. Kwa mara ya pili Wachira alikuwa ameondoka, na Johana hakumfikisha barabarani.

Aliikunja barua, akaiweka mfukoni pamoja na ufunguo. Chemutai alipouliza habari za Ol Kalou, alisema wako salama, wanakusalimu. Alimwambia ukweli baada ya siku mbili, wakiwa shambani wanapalilia, kila mmoja ameinamia mstari wake.

"Ulimwambia Wachira yale?" Chemutai akauliza. "Ya asubuhi ile?"

"Nilitaka kumwambia nikirudi na picha."

Chemutai akaendelea kupalilia.

Siku ya pili ya Krismasi watu walianza kufika studio asubuhi, wamevaa. Si wote, labda theluthi moja ya wale wa zamani. Mwanamke mmoja alikuwa amempaka mtoto wake mafuta mpaka uso ukawa kioo.

"Mwaka huu tunaenda wapi, mzee?"

Johana aliwapeleka nyuma ya kinu cha posho, kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Aliwapanga wanne wanne. Asubuhi ilipita. Mchana walikula mandazi kwa kinu. Alasiri waliobaki walikuwa familia moja, baba, mama na mabinti wawili, na jua lilikuwa limeshuka chini, jekundu, nyuma yake.

"Fungueni macho," akawaambia. "Tazameni hapa."

Walikunja nyuso, wakajitahidi. Johana alileta kamera jichoni. Ndani ya kioo kidogo, kwenye vumbi la miguu yao, kulikuwa na mtu mrefu mweusi amelala kifudifudi, kichwa chake kwenye viatu vipya vya watoto. Alijua ilivyotakiwa ili kivuli kitoke: kuinama kidogo, au kusogea hatua moja kushoto.

Alisimama palepale, akabonyeza.